Uso wa Lysken Kwenye Shaba

Mpika bia Pauwels Stercke aliketi, na papo hapo akainuka kama aliyekalia kaa la moto.

"Mbona kiti kina joto?" aliuliza huku kajishika makalio. "Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna aliyekaa," Lambrecht alimjibu bila kuinua kichwa. "Keti, Bwana Pauwels. Mwanga ukitupotea, shauri yako."

"Nakwambia kina joto! Au mkeo anakiatamia kama kuku?"

Lambrecht aliweka chaki chini, akaenda akabonyeza mto wa kiti kwa kiganja. Kweli, ulikuwa na joto. Wala halikuwa joto la jua, kwa maana dirisha la karakana lilifunikwa karatasi iliyopakwa mafuta ili mwanga uingie mpole, na jua la Antwerp mwishoni mwa Septemba halina nguvu ya kumpasha hata paka. Lilikuwa joto la mwili wa mtu. Tena lilikuwa dogo, katikati tu ya mto, duara lisilozidi sahani.

"Umekaa mwenyewe sasa hivi," alisema. "Ni joto lako hilo."

"Joto langu lingejaa kiti kizima, rafiki yangu. Hunioni nilivyo?" Pauwels alicheka, tumbo likatikisika, kisha akaketi tena kwa tahadhari. "Haya, chora. Na usisahau tulivyokubaliana. Niongezee nywele kidogo hapa mbele."

"Nitakuongezea kofia."

"Kofia! Wajukuu zangu watasema babu alikuwa anaficha upara."

"Si ndiyo kweli?"

Pauwels alicheka peke yake. Lambrecht Ooms hakuwa amecheka tangu Agosti, na mtaa mzima ulijua sababu.

Mtu huyu kazi yake ilikuwa kuchonga sura za watu kwenye mabamba ya shaba. Alianzia Mechelen, kwa mfua dhahabu, akichora majina kwenye vijiko na maua kwenye mipini ya panga, hadi siku moja alipochonga uso wa bwana wake nyuma ya sahani kwa utani tu, na yule bwana akaigeuza tena na tena, maana alijiona. Tangu hapo akaachana na vijiko. Alikuwa akiweka bamba juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, akaikumbatia kalamu yake ya chuma kwa kiganja, na badala ya kuuzungusha mkono akalizungusha bamba. Mashavu aliyatoa kwa nukta, macho kwa mistari iliyopinda kama nyuzi za buibui. Kisha mkewe Machteld angepaka wino, aufute kwa kiganja mpaka ubaki ndani ya mistari tu, aweke karatasi yenye unyevu na kukaza mtambo wa kuchapia. Watu wa Antwerp walisema, ukitaka vitukuu vyako vikujue, nenda kwa Ooms.

Alikuwa na mabinti wawili. Betken alikuwa wa miaka minne. Mkubwa, Lysken, alikuwa wa miaka tisa, naye ndiye aliyezianika chapa kwenye kamba zikauke. Kila akianika alikuwa akiuliza, "Baba, na mimi utanichonga lini?" Na kila mara baba yake alimjibu, "Nikimaliza bamba la hakimu." Hakimu akaisha, akaja tabibu. Tabibu akaisha, akaja kapteni wa Kihispania mwenye haraka na upanga. Agosti ikaingia na tauni, na tauni haikusubiri zamu. Lysken aliugua Jumatatu, Alhamisi wakamzika.

Nyuso za watu mia tatu zilikuwa kwenye masanduku ya nyumba ile. Ya Lysken haikuwemo.

Baada ya maziko alijaribu kumchora kwa chaki. Alishindwa. Alilikumbuka sikio, lakini hakukumbuka jinsi lilivyoshikana na taya. Alikumbuka kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, pale mtoto alipojigonga kwenye mkono wa mtambo, lakini nyusi yenyewe ilimponyoka. Alichana karatasi hizo moja baada ya nyingine na kuzitia motoni kabla Machteld hajaziona. Angemwonea nani haya kuliko yeye? Mkono uliomjua hakimu ulikuwa haumjui mwanawe.

Siku ile Pauwels alipoondoka, Lambrecht alibaki peke yake karakanani. Kengele za kanisa zilikuwa zimekwisha kugonga saa sita mchana. Ndipo akasikia nyuma yake: ko, ko, ko. Sauti ndogo, ya mbao. Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Akarudi kwenye bamba, na sauti ikarudi nayo: ko, ko, ko, taratibu, sauti ya visigino vya mtoto ambaye miguu yake haifiki chini, anayeipiga piga kwenye ubao wa kiti kwa kuchoka kusubiri.

Hewa ilinuka siki na udongo uliolowa. Siki ndiyo waliyomwoshea Lysken.

Kesho yake, saa sita, alikuwa ameketi.

Lambrecht hakupiga kelele. Hofu ilimshika miguuni ikapanda taratibu, kama maji ya mto yanapopanda ngazi za gati, ikamfika kifuani, ikakaa. Mtoto yule alivaa kofia nyeupe ya kitani na gauni la kijivu walilomzikia Lysken. Mikono aliiweka mapajani. Alikuwa anamtazama kwa utulivu wa mtu aliyelipia kuchorwa.

"Lysken?" alinong'ona.

Akasogea hatua moja, na jicho lake, lililozoea kupima nyuso kwa miaka ishirini, likafanya kazi yake lenyewe hata kabla moyo haujaliruhusu. Kovu lilikuwa juu ya nyusi ya kulia.

Alisimama. Kila mchonga shaba anajua jambo hili: unachochonga kulia, karatasi hukitoa kushoto. Ndiyo maana wachongaji wote huchonga sura kinyume, ili chapa itoke sawa. Na huyu aliyeketi mbele yake alikuwa amekuja kinyume tayari. Alikuja kama shaba inavyotaka.

Basi Lambrecht alijua. Baadaye aliwaambia watu kwamba hakujua, kwamba majonzi yalimpofusha, lakini siku ile, saa ile, alijua kabisa kwamba mwanawe yumo kaburini na kwamba aliyekaa kitini ni kitu kingine. Akajua, na bado akaenda kabatini, akatoa bamba jipya la shaba lililong'arishwa, akaliweka juu ya mto wa mchanga, akaketi.

Alianza na kovu, kwa sababu ndilo pekee alilokuwa na hakika nalo.

Kazi ilikwenda kama kisu ndani ya siagi. Kwa kawaida shaba hukinza, hukwaruza, huacha ukingo mkali wa kukwangua. Hii ilikuwa inafunguka yenyewe mbele ya kalamu. Kila siku saa sita mtoto alikuja, na kila siku jua lilipohama dirishani hakuwepo. Hakupepesa macho hata mara moja. Lambrecht akisita, sauti ilitoka kitini, sauti ya Lysken hasa ila yenye mwangwi, kana kwamba inatokea ndani ya sufuria tupu.

"Endelea, baba."

Naye akaendelea.

Juma la kwanza alimaliza nywele. Jioni ile Machteld alikuwa ameketi jikoni, uji wa shayiri ukipoa mezani, mkononi ameshika kofia ya zamani ya marehemu.

"Baba Lysken," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyomwita mumewe kwa miaka tisa, "hivi mtoto alikuwa na nywele nyeusi au za manjano?"

Lambrecht alifungua kinywa ajibu. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Za manjano," alisema mwishowe, akibahatisha.

"Mh," Machteld alisema, akaikunja kofia. "Nimechoka tu, labda."

Juma la pili alimaliza kinywa, na siku hiyo hakuna ndani ya nyumba aliyeweza kukumbuka Lysken alicheka vipi. Machteld akaacha kulia. Alianza kufagia tena, akapika samaki kwa siki na vitunguu, akaimba kidogo kwenye ngazi. Majirani walisema Mungu amempoza. Lambrecht naye alijiambia hivyo hivyo, hadi asubuhi moja mkewe alipomwita kutoka uani:

"Baba Betken! Njoo unisaidie ndoo!"

Alibaki mlangoni ameduwaa. "Umeniitaje?"

"Nikuiteje tena? Si ndilo jina lako?"

Lambrecht alibeba ndoo, maji yakamwagikia miguuni njia nzima.

Kitu cha mwisho alichochonga ni mistari inayoizunguka nuru ndani ya mboni, doa dogo la shaba lisiloguswa, linalofanya jicho liwe hai. Alipomaliza aliinua kichwa kumtazama mtoto, na mtoto kwa mara ya kwanza akatabasamu, tabasamu lile lile lililo kwenye bamba, mstari kwa mstari.

Walichapa pamoja, yeye na Machteld. Karatasi ilipobanduliwa na uso ukatokea, kovu likiwa kushoto mahali pake, Machteld aliukamata mtambo asianguke.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye, Lambrecht. Yesu wangu. Ndivyo alivyokuwa. Nilikuwa nimeanza kumsahau, nikaogopa kukwambia." Aliibusu ile karatasi mbichi, wino ukamwingia midomoni. "Chapa nyingine. Chapa nyingine tena."

Walichapa saba. Machteld alizifunga kwa kitambaa na kuzilaza kwenye kasha la nguo, na moja akaitia kifuani, ndani ya gauni.

Lambrecht alidhani sasa mgeni ataondoka. Alikuwa amepata alichokitaka. Wote walikuwa wamepata. Lakini siku iliyofuata kengele zilipogonga saa sita alisikia visigino vikigonga kiti, ko, ko, ko, naye alikuwa pale, na harufu ya siki ilikuwa imechanganyika na harufu nyingine, ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Hakumtazama Lambrecht. Alitazama mlangoni, ambako Betken alikuwa sakafuni akivisha doli la kitambaa.

"Sasa yule," kile kitu kilisema.

"Hapana."

"Weka bamba, baba."

"Nimesema hapana! Toka nyumbani kwangu!"

Betken aliinua uso. "Baba, unamgombeza nani?"

Lambrecht alimbeba mwanawe akatoka naye mbio, na hakuingia karakanani siku tatu. Wala hakumchonga Betken, wala kumchora hata kwa mkaa. Haikusaidia kitu. Kilichokwisha kufunguliwa mlango hakingoji tena kukaribishwa.

Ilianza kwa mwuza mikate. Mama yule aliyempa Betken kipande cha mkate wa tangawizi kila Jumamosi alimtazama mtoto kutoka nyuma ya kaunta akasema, "We mtoto, mama yako nani?" Betken akadhani ni mchezo, akacheka. Kisha ikawa kwa majirani. Kisha Lambrecht mwenyewe, akimvika viatu asubuhi, alijikuta ameutazama ule uso mdogo kwa muda mrefu akitafuta kitu, na pua ilikuwa pua, macho yalikuwa macho, lakini havikukusanyika vikawa mtu. Ni kama kutazama chapa ambayo wino wake umefutwa mno, mistari imebaki hafifu na karatasi inaimeza.

Ijumaa Machteld alikwenda sokoni na Betken mkononi. Alirudi na vitunguu, kabichi na samaki wawili.

"Mtoto yuko wapi?" Lambrecht aliuliza.

"Mtoto gani?"

Alimtazama mkewe, na mkewe akamtazama yeye kwa uso mkunjufu, mikono ikitoa vitunguu kikapuni, na Lambrecht akakimbilia nje. Alikuwa hajafika mlangoni pale mlango ulipogongwa. Alikuwa Bibi Begga, mtawa mzee wa nyumba ya wanawake wa sala, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa mitaa ile. Alimshika Betken mkono, na Betken alikuwa amelia hadi sauti imekauka.

"Nimemkuta kwenye ngazi za soko la samaki," Bibi Begga alisema. "Amesimama peke yake na watu wanampita kama nguzo. Machteld, mwanangu, una akili gani wewe?"

Machteld alikuja mlangoni akijifuta mikono. Aliinama, akamtazama mtoto kwa huruma, huruma ya kweli, ile tunayowapa watoto wa wenzetu.

"Maskini," alisema. "Mtoto wa nani huyu?"

Betken hakulia tena. Alijificha nyuma ya sketi nyeusi ya Begga.

Yule bibi alitazama mke, akatazama mume, akanusa. "Nyumba hii inanuka siki," alisema polepole. "Mimi najua siki yangu. Niliimwaga uani Agosti, mvua zimenyesha mara ngapi. Lambrecht, umefanya nini?"

Alimweleza yote, kwa sauti ya chini, jikoni, akiogopa kusikiwa upande wa pili wa ukuta. Alipotaja chapa, Begga alinyoosha mkono. Machteld alisita, kisha akaitoa kifuani.

Begga aliisogeza kwenye mwanga.

"Huyu ni nani?"

"Bibi, ni Lysken," Machteld alisema, akicheka kidogo. "Umezeeka macho? Ni Lysken wetu."

"Nilimwosha mimi. Nilimfumba macho kwa vidole hivi. Nilimchana nywele, nikamfunga taya." Begga aliiweka chapa mezani kifudifudi. "Huyu hana cha Lysken ila kovu."

Kutoka karakanani, kupitia mlango uliofungwa, ilisikika: ko, ko, ko.

"Viumbe hivi havina uso," Begga alinong'ona, akimvuta Betken kifuani kwake. "Havikupewa. Huzunguka vikitafuta nyumba ambayo uso umebaki bila mwenyewe, watu wanaulilia na hawajui waushikilie wapi. Wewe ulidhani amekuletea sura ya mwanao. Hakuleta. Alikuja kuichukua, na kila mstari uliochonga ulikuwa unamkabidhi. Sasa ameonja, anataka wa pili. Akimmaliza huyu atawageukia ninyi."

"Na wewe?" Lambrecht aliuliza. "Mbona wewe unamkumbuka?"

"Mimi nilimwosha, nikamwombea, nikamwachia Mungu. Sikubakiza kitu cha kuibiwa."

"Nitalivunja bamba. Nitalitupa mtoni."

"Ukilivunja atakuwa vipande viwili. Mto nao utamtapika kwa mwingine. Mkono uliochonga ndio ufute. Uanze na mstari wa mwisho urudi hadi wa kwanza, mbele yake, saa yake. Usiinue macho. Usimjibu. Na hizi karatasi azichome aliyezipenda."

"Hapana," Machteld alisema.

Alikuwa ameichukua tena ile chapa, ameibana kwa mikono yote miwili.

"Machteld..."

"Nimesema hapana! Mnataka nimzike mara ya pili? Hata kama si yeye, mimi ndiye niliyenaye! Nikifumba macho sasa namwona nani? Namwona huyu. Mkichoma huyu nitabaki na nini, Lambrecht? Niambie. Nitabaki na shimo."

Lambrecht ndiye aliyelichimba.

Betken alikuwa ametoka taratibu nyuma ya Begga. Kamasi ilimshuka baada ya kilio kile chote. Alisogea hadi kwa mama yake, na kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, akashika ncha ya aproni na kuusogeza uso. Machteld alimtazama bila kumjua. Lakini mkono wake ulishuka. Ulishuka wenyewe, ukaikunja aproni kwa vidole viwili, ukamfuta mtoto pua, upande huu, upande ule, na kumalizia kwa kumbana kidogo ncha ya pua, kama mkono uliofanya hivyo mara elfu. Machteld aliutazama mkono wake.

"Ni wangu," alisema. "Huyu ni wangu, sivyo? Jamani, ni wangu na simjui."

Akaenda kwenye kasha la nguo.

Siku ya pili, kabla ya saa sita, Begga alimpeleka Betken kanisani. Machteld alipiga magoti mbele ya meko na zile karatasi saba. Lambrecht aliingia karakanani, akafunga mlango, akaweka bamba juu ya mto wa mchanga, akachukua chuma cha kukwangulia na chuma cha kulainishia, akainamisha kichwa. Kengele ziligonga. Harufu ikaja kwanza, kisha visigino.

Alianza na nuru ya jicho.

"Baba," sauti ilisema. "Naona kiza."

Hakujibu. Alikwangua mboni, akakwangua kope, akalainisha, na shaba ambayo ilifunguka kama siagi wakati wa kuchonga sasa ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia, ikamlazimu kuegemeza kifua chote, jasho likidondoka juu ya bamba. Alipofika kinywani sauti ilibadilika ikawa ya kitoto zaidi, ya mtoto mwenye homa, ikamwomba maji, ikamwambia koo linaniuma, baba, yale yale maneno ya Jumatano ile ya Agosti, naye akauma ulimi mpaka damu ikamjaa mdomoni ili asiseme nakuja, mwanangu, na mkono wake ukawa unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ukifuta mashavu nukta kwa nukta, ukifuta kidevu, ukifuta shingo, na visigino vikaacha kiti vikawa sakafuni, vikitembea, vikija nyuma yake, na pumzi ikamgusa shingoni, baridi, yenye harufu ya sarafu, na sauti sasa haikuwa ya Lysken wala ya mtoto yeyote bali ya watu wengi kwa pamoja, wanaume na wanawake na wazee, waliokuwa wakitaja majina ya watoto ambao hakuwajua, watoto wa nyumba zipi na miji ipi Mungu ndiye ajuaye, na wote walikuwa wakimwomba ainue macho mara moja tu, aone, kwa maana aliye nyuma yake sasa hivi ni Lysken mwenyewe, wa kweli, na asipomtazama sasa hatamwona tena milele, na Lambrecht Ooms, akilia kwa sauti kama ng'ombe, akijua kwamba katika maneno yote aliyoambiwa siku ile hayo ya mwisho huenda ni ya kweli, hakuinua macho.

Likabaki kovu tu. Mstari mmoja, mfupi kama punje ya ngano.

"Niachie hilo," kile kitu kilisema, taratibu sana. "Hilo tu. Ujue palikuwa na mtu."

Mkono wa Lambrecht ulisimama. Chumba cha pili alisikia karatasi ikiunguzwa, na Machteld akihesabu kwa sauti iliyokatika: tano. Kimya. Sita. Kimya kirefu mno.

"Saba," Machteld alisema.

Lambrecht alifuta.

Alipothubutu kugeuka, karakana ilikuwa karakana. Chapa za Pauwels zilining'inia kwenye kamba, na upara wake. Kiti kilikuwa kitupu, na alipouweka mkono juu ya mto, ulikuwa baridi.

Jioni ya Jumamosi hiyo hiyo mama wa mikate alipiga ukelele kutoka mlangoni: "We Betken, mwizi wangu, huji kuchukua haki yako?" Mtoto akakimbia. Machteld, aliyesimama barabarani, alimtambua mwanawe kwa mbali, kwa kimo, kwa kofia, kwa kila kitu, akaketi kwenye jiwe la njiani. Bamba lile Lambrecht alilipeleka kwa mfua shaba, akasimama hapo mpaka likayeyuka.

Lakini kilicholiwa hakikurudi. Walisubiri. Walikwenda kaburini, walilishika gauni lake la Pasaka, walilitaja jina lake vyumbani kwa sauti, na jina liliwajia tupu. Kila mmoja alifumba macho kwa siri, na kila mmoja alipoyafumbua alisoma usoni kwa mwenzake kwamba na yeye hakuona kitu.

Siku ya Marehemu Bibi Begga alikuja baada ya misa, akala mkate pamoja nao, Betken amelala mapajani mwake. Nje kengele zilikuwa zikilia kwa ajili ya wafu wote wa mji. Machteld alikuwa akiparua makombo ya meza kwa kucha. Kisha akauliza swali ambalo mama hapaswi kumwuliza mtu baki.

"Bibi. Alifanana na nani?"

Bibi Begga alimtazama. Lambrecht aliiona midomo ya yule mzee ikianza neno na kuliacha, wala hakujua, na hakuja kujua maisha yake yote, kama lililofuata lilikuwa kweli au lilikuwa sadaka.

"Alifanana na wewe," Begga alisema.

Machteld aliinua mkono. Alijigusa paji la uso, kisha nyusi, kisha shavu, akashuka hadi kidevuni, polepole, kwa ncha za vidole, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala na hataki kumwamsha. Na Lambrecht, aliyetazama nyuso za watu kwa malipo miaka yote ile, aliusogeza mshumaa karibu na mkewe, akaketi, akamtazama.